Mwanachama wa Timu ya Kaa

Watu husema barafu haina harufu. Watu hao hawakuwahi kuingia katika ukumbi ule. Ukifungua mlango wake mzito wa chuma, cha kwanza kukupokea kilikuwa samadi ya farasi, kwa kuwa kaunti iliujenga kwa ajili ya maonyesho ya farasi na minada ya mifugo, na farasi ni mgeni ambaye akiondoka harufu yake inabaki, upake ukuta rangi mara ngapi. Juu ya samadi ilikuja harufu ya bisi zilizomwagiwa siagi, kisha ngozi ya glavu zilizolowa jasho, kisha ubaridi wenyewe, uliopanda puani kama harufu ya bati lililonyeshewa. Nilikuwa na miaka kumi. Mpaka leo nikipita karibu na zizi la farasi natafuta bisi kwa macho, na nikinunua bisi kwenye sinema namkumbuka baba yangu, kisha sizimalizi.

Tulikuwa tunaishi Laurel, Maryland, mji ambao si Washington wala si Baltimore, ila unasikia kelele za magari ya kwenda kote kuwili. Mama alikuwa ameshinda bahati nasibu ya viza akatangulia, akapata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, nasi tukamfuata kutoka Morogoro. Baba, Cosmas Mloka, alikuwa karani katika kiwanda cha kufuma turubai, lakini ukarani ulikuwa wa kula tu. Cheo chake cha moyoni kilikuwa ukatibu. Alikuwa katibu wa tawi la klabu ya mpira mtaani kwetu, na hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Katibu, na waliomwita hivyo walimaanisha. Asiyeyajua mambo ya kwetu na aelewe: klabu ya mpira ilikuwa mali ya wanachama. Ukiwa na kadi una kura. Mwenyekiti akivurunda, wanachama wanaitisha mkutano mkuu, wanabishana juani mchana kutwa, viti vinarushwa, na jioni mwenyekiti hana kiti. Baba alikuwa fundi wa mikutano hiyo. Angeweza kumnyamazisha mtu mzima mwenye ndevu zake kwa kumuuliza tu kama kadi yake ilikuwa hai au imekufa. Kisha kiwanda kikauzwa. Aliyekinunua akapakia mashine kwenye malori akaenda nazo asikokusema, na mtaa mzima ukabaki unautazama uzio. Baba alikuwa akisema hayo yalitokea kwa kuwa kiwanda kilikuwa cha serikali. Lau kingekuwa cha wanachama, isingetoka hata bolti moja.

Huku Marekani alipata kazi kwenye maegesho ya magari ya hoteli moja kule Alexandria, ng'ambo ya mto. Alikaa ndani ya kibanda cha kioo, akipokea tiketi kwa mkono wa kulia na kuinua kizuizi kwa wa kushoto. Kwenye kifua cha sare yake palikuwa na kibandiko kilichoandikwa Cosmo, kwa sababu aliyekiandika alichoka kabla ya kufika mwisho wa jina. Watu walipita siku nzima bila kumtazama usoni. Mtu aliyezoea kusimama na watu mia wakanyamaza, sasa hata salamu aliikosa. Alirudi nyumbani kwa basi na treni na basi tena, akavua viatu mlangoni, akakaa. Mama alikuwa akitaka tuhamie Texas kwa dada yake, kwenye joto na kazi nyingi za wauguzi. Baba hakutaka. Alisema tumeshahama vya kutosha, kwanza Morogoro, kisha chumba cha kupanga Alexandria, kisha Silver Spring, kisha hapa. Mtu anayehamahama hana wa kumzika. Lakini alipoulizwa ni kitu gani basi kinachomshika Laurel, alirudia ileile ya kuzikwa. Mtu chake, nasi hatukuwa na chetu hapa.

Jibu likaletwa na Njoroge. Huyu alikuwa Mkenya wa Nakuru, jirani yetu wa ghorofa ya chini, dereva wa teksi, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Abiria mmoja alimpa tiketi za mechi badala ya bakshishi, naye akaja kumgongea baba. "Katibu, twende tuone wazungu wakipigana kwa barafu, bana. Ni free." Ndipo tulipojua kwamba kaunti yetu imepata timu ya kulipwa ya magongo ya barafuni. Si ile timu kubwa ya ligi kuu, ambayo wakati huohuo ilikuwa imehama kutoka ukumbi wake wa kitongojini kwenda jengo jipya katikati ya jiji. Yetu ilikuwa timu ndogo, ya ligi ya vijana wanaongoja kuitwa juu na wazee wanaongoja kuambiwa basi. Ligi hiyo ilikuwa inajitanua miaka ile kama unga uliotiwa hamira. Mwenye fedha alinunua kibali cha kuwa na timu, kama mtu anavyonunua leseni ya kufungua baa, akatafuta ukumbi, akachagua jina na rangi, akatangaza kwamba hii ni timu yenu. Neno hilo, yenu, lilipakwa kwa herufi kubwa juu ya lango la ukumbi wa farasi, na baba alilisoma kwa sauti.

Jina la timu lilitokana na kaa wa buluu wa Ghuba ya Chesapeake, wale ambao watu wa Maryland huwachemsha kwa pilipili na kuwagonga kwa nyundo za mbao. Kwa Kiingereza lilikuwa jina refu, lakini sisi nyumbani tuliita Kaa tu. Kifuani mwa kila mchezaji palikuwa na kaa aliyeshika gongo kwenye gando lake. Usiku ule wa kwanza hatukuelewa kitu. Wachezaji walikuwa wamevimba kwa magodoro waliyovaa, kisahani cheusi walichokuwa wakikigombea hakikuonekana kwa macho ya Morogoro, na watu walishangilia wakati sisi tumetazama kwingine. Lakini baba alisimama tangu dakika za mwanzo na hakukaa. Nilimwona uso wake. Ulikuwa uso niliouacha uwanjani nyumbani, nikadhani umebaki huko pamoja na kabati na kitanda.

Wakati wa mapumziko tulipita kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cha buluu, ambapo msichana mwenye kofia ya timu alikuwa akiandikisha watu katika klabu ya mashabiki. Baba akauliza ni nini. Akaambiwa unajaza jina, unalipa kidogo, unapata kadi. Akachukua ile kadi ya mfano, akaisoma, akanipa nami niisome. Palikuwa na picha ya kaa, mstari wa jina, na chini yake neno moja: Member. "Sabina," akaniuliza, "neno hilo kwa Kiswahili ni nini?" Nikamwambia ni mwanachama, na hata leo kamusi yoyote itakwambia vivyo hivyo. Baba akajaza jina lake lote, Cosmas Benedict Mloka, herufi baada ya herufi, akasimama juu ya yule msichana mpaka akahakikisha halikukatwa. Kisha akaomba nakala ya katiba. Msichana akacheka kwa adabu, akampa ratiba ya mechi. Baba akaniambia katiba itakuwa bado haijatoka kwa wachapaji, timu yenyewe ni changa.

Tangu siku hiyo alikuwa mtu mwingine. Kadi aliiweka kwenye mfuko wa shati upande wa moyo, hata kazini, nyuma ya kile kibandiko cha Cosmo. Msimu wa pili, baridi ya mwaka tisini na nane kuingia tisini na tisa, hatukukosa mechi nyingi za nyumbani. Njoroge alitupeleka kwa teksi yake, kusini kupita mashamba yenye mabanda ya kukaushia tumbaku, mimi nyuma nimekumbatia chupa ya chai, na maandazi ya mama yamefichwa kwenye mifuko ya makoti kwa sababu chakula cha nje kilikatazwa. Tulikaa sehemu ileile, karibu na mlango wa mashine ya kulainishia barafu. Kando yetu alikaa Bi Doris, mama mtu mzima mweusi wa kaunti hiyohiyo, mpishi mstaafu wa shule, aliyekuja na blanketi lake la magotini. Alisikia Njoroge akisema Katibu, Katibu, akadhani ndilo jina, basi yeye akamwita Mister Katibu. Baba hakumsahihisha. Nadhani hakuna kitu Marekani kilichowahi kumfurahisha kuliko kuitwa hivyo na mwenyeji.

Na baba ndiye aliyeanzisha wimbo wa ukumbi ule. Timu ikizidiwa, alisimama juu ya kiti akaweka viganja mdomoni: "Kaa! Kaa! Kaa!" Kwanza walimgeukia wakamshangaa. Kisha Bi Doris akaitikia, kisha safu ya nyuma, na kufikia Krismasi upande wetu wote wa ukumbi, wazungu kwa weusi, watoto kwa wazee, walikuwa wakipiga miguu kwenye mbao na kuita "Kaa! Kaa!" bila hata mmoja kujua ni lugha gani. Mama alikuja mara moja tu, siku aliyopata mapumziko, akakaa na mtandio wake puani kwa sababu ya samadi. Akasikiliza. Akatazama wachezaji wetu wanavyoteleza na kubwagana. "Baba Sabina," akasema, "unawaambia wakae, halafu unashangaa wanaanguka!" Njoroge alicheka mpaka chai ikamwagika. Baba naye alicheka. Nakumbuka kicheko hicho vizuri kwa kuwa hakikurudi tena.

Baridi hiyohiyo Watanzania wa Laurel na Silver Spring walikuwa wanaunda chama cha kuzikana. Kijana mmoja wa kwetu alikuwa amefariki, na mwili wake ukakaa hospitali muda mrefu wa aibu kabla watu hawajajua nani afanye nini. Walipoitisha kikao, baba, aliyekuwa amekaa kimya miaka yote hiyo ya kibanda, alisimama akazungumza, na wakampa ukatibu palepale. Nasema Kaa ndio waliomrudishia sauti hiyo. Aliandika katiba ya chama kwenye meza yetu ya jikoni, jioni baada ya jioni, akitusomea ibara kwa ibara. Moja niliijua kwa moyo kabla sijaelewa maana yake: asiye na kadi hai hana haki ya maiti yake kusafirishwa nyumbani. Mama alisema hiyo ni kali. "Chama kisicho na masharti ni kijiwe," baba akamjibu. Na habari ya Texas haikutajwa tena nyumbani. Alikuwa ameshapata cha kumshika.

Mwezi wa pili Njoroge alipanda ngazi akiwa na koti lake bado, theluji mabegani. "Katibu, nimeskia kwa redio. Hao watu wako wana-relocate." Baba akauliza watu gani. "Kaa. Wameuziwa mtu wa huko chini kabisa, South. Huko wamejenga stadium mpya na hawana timu." Tulicheka kwanza, kwa sababu mji wenyewe ulikuwa wa kule theluji haijulikani, ambako mtoto akiona barafu anaona ndani ya glasi. Lakini ndivyo biashara ile ilivyokuwa. Miji ya kusini ilikuwa inajenga kumbi mpya na kuzitafutia timu. Ligi ilikuwa inapenda kwenda iliko kodi rahisi na watu wapya. Na kwetu sisi viti vilibaki vitupu siku za katikati ya wiki, na timu iligawana ukumbi na farasi. Mwenye timu alipiga hesabu zake. Baba alisikiliza yote hayo, akatikisa kichwa kama mtu mzima anayemsikiliza mtoto. "Hawawezi," akasema. "Timu haiondoki bila mkutano mkuu. Mimi sijaitwa mkutanoni. Wewe Njoroge umeitwa?" Njoroge akapangusa theluji begani. "Kwani wewe ulidhani uta-vote?" akasema taratibu. "Katibu, hiyo ni mali ya mtu, bana." Baba akamwambia Wakenya hawajui mpira.

Gazeti likaandika, basi ikawa kweli. Jumamosi iliyofuata baba alivaa suti yake ya Kaunda, ile ya vikao vikubwa, akaipigia pasi mwenyewe, akavaa koti la baridi juu yake, akanichukua mimi niwe mkalimani. Kiingereza alikijua, kile cha barua za kiwandani, lakini kwa mambo mazito alitaka mkalimani kama wafanyavyo mabalozi. Ofisi ya timu ilikuwa nyumba ya bati yenye magurudumu nyuma ya mazizi. Ndani tulimkuta yuleyule msichana wa meza ya kitambaa cha buluu, peke yake, anafunga vikombe vya kahawa kwa magazeti na kuvipanga ndani ya boksi. Baba hakukaa. Alivua kofia, akatoa kadi mfukoni, akaiweka mezani na kuisukuma mbele kwa vidole viwili.

"Mwambie kwamba mimi ni mwanachama hai."

Nikasema baba yangu ni mwanachama aliye hai, kwa kuwa sikujua kulisema vingine. Msichana akatabasamu, akaona hatutabasamu, akaacha.

"Mwambie kwamba wanachama hatukuarifiwa. Naomba mkutano mkuu wa dharura kabla timu haijahamishwa. Nipo tayari kukusanya majina. Watu wa safu yetu wote wataweka sahihi."

Nilisema yote. Msichana alichukua kadi, akaigeuza, akanionyesha maandishi madogo ya nyuma ambayo hatukuwahi kuyajali. Alisema kwa upole, akinitazama mimi, kwamba kadi hii ni ya mashabiki, inampa mtu punguzo la bisi na soda, na picha na wachezaji mara moja kwa msimu. Nikageuka kwa baba. Alikuwa amesikia, sikio lake lilikuwa zima kuliko ulimi. Lakini aliningoja niseme, na mimi nikasema. "Anasema kadi ni ya punguzo la bisi, baba."

"Mwambie asome mbele. Pameandikwa nini?"

"Member," akasoma msichana.

"Basi," akasema baba.

Farasi alikuwa anapiga teke ubao wa zizi huko nje. Kisha yule msichana, ambaye sasa naona hakuwa na zaidi ya miaka ishirini na kitu, akafuta macho kwa mgongo wa mkono na kusema kwamba yeye mwenyewe hakuambiwa na mtu, alisikia kwenye redio ya gari kama sisi, na mwisho wa msimu hana kazi. Alimrudishia baba kadi kwa mikono miwili. Hakujua kwamba kwetu hiyo ni heshima, ilitokea tu. Baba akaipokea kwa mikono miwili. Tuliporudi kwenye teksi, Njoroge aliwasha gari.

Mechi ya mwisho ukumbi ulijaa, ndivyo watu walivyo. Ungejaa hivyo tangu mwanzo, labda mwenye timu angekosa kisingizio. Bi Doris alikuja na blanketi lake na keki ya viazi vitamu, akatupa vipande kwenye leso za karatasi. Sikumbuki matokeo. Nakumbuka kwamba saa ya ukutani ilipokaribia kuisha baba alipanda juu ya kiti akaita, na safari hii hakuwa akiita jina la timu. Sisi watatu wa Kiswahili, yeye, mimi na Njoroge, tulijua. "Kaa! Kaa!" Alikuwa anawaomba. Sauti ilimkatika lakini hakuacha, na ukumbi wote ukampokea, maelfu ya watu wasiojua Kiswahili wakiiambia timu, kwa Kiswahili, ikae. Filimbi ikalia. Wachezaji wakakusanyika katikati ya barafu, wakageukia viti, wakainua magongo yao juu kutuaga. Baba akashuka kwenye kiti. "Kaa akiinua gando, mambo yamekatika," akasema, polepole, kama anayesoma muhtasari wa kikao. Bi Doris akamshika mkono akamwuliza Mister Katibu anasema nini. Akamkunjia blanketi lake. Tulipotoka, wafanyakazi walikuwa tayari wameingiza matoroli ya udongo, kwa kuwa farasi walikuwa na zamu yao.

Nilitegemea atakasirika. Hasira ingekuwa nafuu. Alirudi kwenye kibanda chake, akainua kizuizi, akashusha kizuizi. Kikao kilichofuata cha chama cha kuzikana hakwenda, na cha baada ya hicho aliandika barua ya kujiuzulu ukatibu na kujitoa chamani, yeye na nyumba yake, kwa mwandiko mzuri. Wazee wa chama walikuja kumbembeleza. Aliwapa chai, akawasikiliza, akawaambia kadi ni plastiki. Mama alimwambia, mtu ni watu, Baba Sabina. "Watu wa nani?" akauliza, na alikuwa anauliza kweli, alitaka ajibiwe. Mama alipotaja Texas tena alisema tu, "Kama mnataka." Ni maneno hayo yaliyomtisha mama kuliko yote, kwa hiyo hatukwenda. Hatukuhama wala hatukukaa. Kanisani akawa anakaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya matangazo. Nikawa mkubwa katika nyumba ya mtu mpole ambaye hakuna lililomhusu. Nilimchukia kwa hilo. Nilidhani magongo na magodoro na samadi ya farasi si sababu ya mtu kuzimika. Nilikuwa bado sijanyang'anywa kitu.

Alifariki mwezi wa pili, miaka mingi baadaye, nikiwa tayari na mume. Moyo ulisimama akiwa ndani ya kibanda, kizuizi kikiwa juu. Watu wa chama walikuja nyumbani, hawana ubaya, walikuja na masufuria ya wali na mikeka. Mwenyekiti alikuwa mmoja wa vijana wa zamani waliofundishwa na baba namna ya kuendesha kikao. Alikaa mbele ya mama, akakunja mikono, akashindwa, akajaribu tena. "Shikamoo, mama. Nisamehe. Lazima niulize. Kadi ya marehemu ilikuwa hai?" Mama aliangalia zulia. Ilibidi mimi niseme hapana. Ibara ile kila mtu aliijua na kila mtu alijua mwandiko wa aliyeiandika. Tungeweza kuomba, na labda wangeipindisha. Mama akasema baba Sabina asingekubali katiba ipindishwe, hata kwa ajili yake. Kwa hiyo hakwenda Morogoro. Tulimzika Maryland, kando ya barabara kuu, ardhi imeganda hata mashine ya kuchimbia ikawa inalia, waombolezaji wachache, wengi wao wakitazama saa za zamu. Bi Doris hatukujua tumtafute wapi. Hatukuwahi kumuuliza jina la ukoo. Njoroge, mzee sasa, ndevu nyeupe, aliinama akatupa udongo wake. "Haya, Katibu," akasema. "Wewe sasa kaa."

Siku hizi ukumbi ule bado upo, na farasi bado wapo. Watoto wa shule hufanyia mahafali hapo, na sidhani kama kuna anayejua kwamba chini ya udongo ule paliwahi kuwa na barafu. Timu yenyewe nasikia haikudumu huko kusini. Ilibadilishwa jina, ikahamishwa tena, kisha ikafutwa, na kibali chake kiko kwenye droo ya mtu fulani. Watu wa chama wameongezeka hata vikao vinafanyika kwenye hoteli, na mimi ni mwanachama hai, nalipa kabla ya tarehe, lakini moyoni siamini. Naogopa kupenda chochote ambacho kina mwenyewe, na nikitazama huku na huku sioni kisicho na mwenyewe. Hospitali ninayofanyia kazi imeuzwa mara mbili tangu niajiriwe. Tulisoma tu kwenye ubao wa matangazo.

Mwanangu ana miaka kumi, na yeye ni wa ile timu kubwa ya katikati ya jiji. Analala na fulana yake. Kiswahili anasikia chote na anajibu kwa Kiingereza. Si zamani sana palitokea habari kwamba wenye timu wanataka kuvuka mto waihamishie Alexandria, si mbali na kile kibanda cha kioo, na ingawa baadaye walighairi, mtoto alikuwa hajui kwamba wataghairi. Alikaa kwenye ngazi na fulana yake, uso umemwiva. Akaniuliza, "Can't somebody just tell them to stay?"

Nikamwambia babu yake aliwahi kuwaambia wengine wakae, kwa sauti, mbele ya watu, na kadi ya uanachama mfukoni.

"And what did they say?"

"Walimpa punguzo la bisi," nikasema.